Mzigo Asioutua Mtoro

Saa moja asubuhi, Bagamoyo. Katika ua wa Bi Zeyana, tajiri wa pembe za ndovu, wapagazi wamejipanga kungoja posho. Mtoro, mtu wa Miono, ni wa tano. Wenzake wameshika vikapu vitupu. Yeye, pamoja na kikapu, amembeba mgongoni bintiye Kulwa, mwenye miaka saba, ambaye miguu yake haijapata kukanyaga chini.

Msimamizi wa ghala, Mwinyijuma, anamtazama kwa jicho la pembeni, kisha anampimia kibaba kimoja cha mtama. Majuma matatu yaliyopita alimfukuza hapa hapa.

Mtoro amebeba pembe kutoka Unyanyembe kwa miaka tisa. Safari ya mwisho alirudi akakuta mkewe amekwisha kuzikwa, ndui imemchukua, na Kulwa analishwa na jirani. Tangu hapo hajasafiri.

Desturi ya nyumba ile ni kwamba mpagazi akiugua au akivunjika, hula posho mpaka apone. Mtoro akaenda kuidai.

"Mgonjwa ni mtoto, si wewe," Mwinyijuma alimwambia. "Wewe mzima wa afya. Kabebe mizigo."

"Na huu nilio nao nimwachie nani?"

Mstari mzima uliangua kicheko. Ndiyo dunia, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtoro hakuondoka. Alisimama juani mpaka adhuhuri, mtoto mgongoni, hata Bi Zeyana akatoka barazani.

"Nashika miguu, bibi."

"Marahaba. Mbona hujamtua mtoto?"

"Pembe zako, bibi, nilizitua kila kambi. Huyu hana kambi."

Bi Zeyana akaamuru apewe kibaba kila siku, lakini mpaka msafara uondoke baada ya Idi. Hapo ama asafiri, ama posho ikatike. Ni huruma, ila ina kamba mguuni.

Zimebaki siku kumi na mbili. Wapagazi saba wamekubali kumwambia tajiri kwamba mzazi wa mtoto kama Kulwa naye aingizwe katika desturi. Wa kwanza kukubali ni Seleman, aliyecheka kuliko wote siku ile. Ana mwana kipofu kwao Mlingotini, na hakuna aliyejua.

"Siombi sadaka," anasema Mtoro, akikaza shuka iliyomshika Kulwa. "Ila waseme mizigo ikiwa bado chini. Mpagazi akishainua, hasikilizwi tena."