Msalaba Alioukataa Jovina

Wifi yangu Jovina haogopi mambo ya maiti hata kidogo. Kaka yangu Isdori ni seremala hapa Izia, anachonga misalaba ya makaburini, na Jovina ndiye anayeiandika kwa rangi nyeusi: Alizaliwa, Alifariki. Huku anaandika, huku anatafuna muhindi wa kuchoma. Nampenda sana huyu mwanamke, ila ubishi wake, mama yangu!

Mimba ya pili ilipokaribia kutimia, akagoma kwenda hospitali. Mtoto wa kwanza, Zenon, alizaliwa kwa operesheni iliyomwachia kovu refu kutoka kitovuni kwenda chini. Kliniki wakamwambia safari hii pia atapasuliwa, na siku hizi wengi wanapasuliwa kwa kukingama, chini ya tumbo.

"Wima ukiukatisha na mlalo unapata nini, wifi?" akaniuliza, brashi mkononi. "Si msalaba huo? Nimewaandikia wenzangu wengi. Wa kwangu siubebi tumboni. Nitazalia hapa hapa."

"Uzalie hapa ufe, halafu akuandike nani?" Nilimfokea mpaka jirani akachungulia. Kovu la ndani likiachia kwenye uchungu, tungempoteza yeye na mtoto. Kaka yangu naye anaendelea kupiga randa ubao uliokwisha kulainika zamani. Nilitamani kumzaba kofi.

Nikamburuta Jovina hadi kwa Daktari Lydia. Nilidhani atachekwa, lakini daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaligusa lile kovu taratibu.

"Mama Zenon, naweza kupita hapa hapa. Nalitoa kovu la zamani, nashona, unabaki na mstari mmoja. Nisikufiche, ukipasuliwa kwa kukingama maumivu ya baadaye huwa nafuu. Uamuzi ni wako. Ila kwenye mfuko wa uzazi nitakata panapomfaa mtoto."

"Pita hapa hapa. Huko ndani kata unavyotaka," Jovina akajibu. "Huko mimi sipaoni."

Tukacheka wote, mimi na machozi juu.

Siku ya operesheni tulikaa benchi moja, mimi na kaka. Simu yake ikaita, mteja anataka msalaba wa haraka. Isdori, mtu asiyejua kukataa kazi, akamwambia, "Leo usinitajie kitu hicho, ndugu yangu." Akaizima. Akanishika mkono kama tulipokuwa wadogo.

Akatoka mtoto wa kike, Silvana, analia kwa hasira. Ubishi wa mama yake mtupu!

Jovina alipopata nguvu, Isdori alishamaliza kumtengenezea mtoto kitanda. Jovina akachukua brashi, akaandika ubavuni: Silvana. Alizaliwa. Akaweka na tarehe. Mkono, kwa mazoea, ukashuka mstari wa chini na kuanza lile neno la pili. Akapiga ukelele, akaifuta ile herufi kwa kanga aliyovaa, akafuta, akafuta, hadi ubao ukabaki mweupe.

Kanga ilikuwa mpya. Doa halijatoka mpaka leo, na anaivaa hivyo hivyo kanisani.