Kinyozi aliyekiri ulevi kwenye kikao cha wazazi

Saa moja asubuhi, kinyozi anavunja wembe mpya katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, anachomeka nusu moja kwenye mpini, kisha anamwinamia mteja wa kwanza. Ni dereva wa lori, shingo nene, povu hadi masikioni.

"Usicheke sasa," kinyozi anamwonya. "Ukicheka nikakukata, mimi simo."

"Basi na wewe acha kunichekesha, bwana!"

Wembe unapanda taratibu kutoka kooni hadi kidevuni. Mkono hautetemeki. Kwa mwenye kibanda hiki, hiyo ni habari kubwa kuliko zote zinazosomwa kwenye redio iliyo juu ya rafu.

Miaka michache iliyopita, mkono huo haukutulia mpaka azimue. Alipitia kilabuni kwanza, ndipo afungue kibanda.

"Watu walidhani nakunywa ili nifurahi," anasema. "Nilikuwa nakunywa ili niweze kushika mashine."

Zamani alinyoa vichwa ishirini kwa siku. Ikafika mahali anapata vitatu, na hao ni wale ambao habari zake zilikuwa hazijawafikia.

Mke wake, fundi cherehani, alivumilia mengi. Kilichomshinda ni asubuhi kinyozi alipomnyoa mtoto wao kwa ajili ya picha ya shule, akamkata nyuma ya sikio, halafu akaangua kicheko. Kabla ya jioni mama alikuwa amefunga virago na kwenda kwa dada yake na watoto wote wawili.

"Hakugombana nami," anasema kinyozi. "Angegombana, ningejitetea."

Habari za kikundi alizipata kwa muuguzi wa zahanati, aliyekuwa akimsafisha jeraha baada ya kuanguka mtaroni. Alimwambia kuna watu wanakutana kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, kwenye chumba cha nyuma pale shuleni. Wote waliwahi kunywa kama yeye. Hakuna kiingilio, na mtu haulizwi jina.

Mara kadhaa alifika getini, akamsalimia mlinzi, akageuza. Jumamosi aliyojikaza kuingia, aliona haya kuuliza njia. Akafuata sauti za watu wazima hadi darasani, akakaa nyuma kabisa, magoti yakigonga dawati. Mama mmoja aliyesimama mbele akauliza kama kuna mwenye la kusema.

Kinyozi akaona wakati ndio huo. Akasimama.

"Mimi ni mlevi," alisema. "Nimeshindwa kuacha peke yangu. Naomba mnisaidie."

Kilikuwa kikao cha wazazi kuhusu uhaba wa madawati.

"Vichwa vikageuka, na nusu yake nimevinyoa mimi," anasimulia, akijifunika uso kwa taulo la mteja. "Kuna kipara nilikitengeneza kwa mkono wangu, nacho kikanigeukia."

Mama yule, mwenyekiti wa kikao, alimwambia kwa upole, "Asante, baba. Sisi tulikuwa kwenye madawati." Mtu akacheka. Kinyozi akatafuta mlango, asiuone.

Ndipo akainuka fundi rangi mmoja aliyekuwa karibu na dirisha. Akamshika mkono, wakatoka pamoja, wakapita vyoo hadi kile chumba cha nyuma, stoo ya vifaa vya michezo. Watu kadhaa walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, katikati ya nyavu na mipira iliyoisha upepo. Kinyozi alidhani msindikizaji wake atarudi kikaoni. Fundi rangi akavuta benchi, akakaa.

"Nilikuwa mwanachama kwa siri," anasema fundi rangi leo. "Lakini huyu bwana alishavua nguo mbele ya mtaa mzima. Mimi ni nani nibaki na koti?"

Mkutanoni hakuna anayemkatiza mwenzake, wala anayetoa hotuba. Siku hiyo kinyozi hakusema neno; anasema maneno yake yote yalikuwa yamebaki kwa wazazi.

Hakuacha siku hiyohiyo. Ameteleza mara mbili, na mara zote mbili alirudi stooni akinuka, wakasogea apate nafasi. Lililomsaidia zaidi, anakiri, ni kwamba mtaa ulijua. Alipopita kilabuni, mwenye kilabu mwenyewe alimpigia kelele, "Shemeji, leo soda?"

Wateja wamerudi mmoja mmoja. Mke bado. Siku hizi anapokea simu zake, na watoto huja kumtembelea. Jumamosi hii kikundi kinakaribisha familia kwa mara ya kwanza, na kinyozi amemwomba aje.

Nilimkuta fundi cherehani nyumbani kwa dada yake, akipinda suruali. Hakuacha kushona.

"Kuacha alishaacha hata zamani, mara nyingi tu," alisema. "Baba watoto nampenda, ndiyo maana naogopa. Sijamwambia ndiyo, sijamwambia hapana."

Kibandani, dereva wa lori ameondoka akipapasa kidevu. Namuuliza kinyozi itakuwaje mkewe asipotokea. Anakung'uta nywele kitini kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Nitaumia, nisikudanganye," anasema. "Lakini nitakwenda. Na wiki inayofuata nitakwenda. Siku atakayoamua kuja, nataka anikute nimekaa."