Sahani Tatu kwa Watu Wanne

Bajeti ya chakula niliiandika mezani kwangu Kashai, nyuma ya karatasi ya mtihani: Entebbe, siku nne, watu wanne, sahani tatu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu hiyo sikuikosea. Tata, yaani baba yangu, hakuwahi kumaliza sahani tangu nimjue. Nyumbani Izigo theluthi ya mwisho, pamoja na kipande cha nyama, ilikuwa ya mtoto mdogo kuliko wote. Mimi, binti yake kitindamimba, niliila mpaka darasa la nne. Kisha ikaenda kwa wajukuu kwa zamu, na sasa ilikuwa ya binti yangu mdogo, mwenye miaka sita. Ukimpakulia sahani yake haigusi. Anataka ya babu.

Niliwaambia watu tunakwenda kutembea, lakini safari ilikuwa na kazi. Kaka yangu alikuwa akisema kwamba Tata anapoteza kumbukumbu, hafai tena kuishi peke yake kibanjani kwake Izigo, kati ya migomba na mibuni. Alitaka kumleta mjini, kwenye chumba cha kupanga. Nilimjibu kwamba ukimfungia mzee wa kibanja huku mjini Kashai, umemzika akiwa hai. Tukanuniana. Mwishoni nikamwambia nitakwenda na Tata likizo pamoja na binti zangu wawili, nikae naye usiku na mchana, halafu nitamweleza kama Tata anaumwa au ni yeye mvivu wa kwenda Izigo.

Mpakani Mutukula Tata aliwasalimia askari mmoja mmoja, akawauliza habari za mvua. Nilifurahi.

Uganda mtu analipia mchuzi. Ndizi, wali, viazi na boga vinakuja pamoja nao, sahani inajaa hadi ukingoni. Tata aliziangalia ndizi zao zilizopondwa, akasema hawa watu wamekwisha kututafunia. Nilicheka. Moyoni nilimpa kaka sifuri. Halafu Tata akala, akamaliza, akakomba mchuzi kwa kidole. Binti yangu mdogo alikuwa amekaa ubavuni pake, ameshanawa mikono, anangoja.

Nikasema ni njaa ya safari, nikamsogezea mtoto sahani yangu. Jioni Tata akamaliza tena. Siku ya pili akamaliza mchana na usiku. Binti yangu mkubwa aliniuliza kwa nini tusiagize sahani ya nne. Nikamkaripia kwamba bajeti ni bajeti. Hela nilikuwa nayo. Ila kuagiza sahani ya nne kulikuwa sawa na kumwambia kaka ameshinda, kwa hiyo niligawana yangu na mtoto na kulala na njaa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya tatu tulikula mchana kwenye mgahawa ulio karibu na ziwa. Tata alipofika katikati ya sahani, mkono wake ulisimama. Nikashusha pumzi. Alimtazama mtoto kwa muda, kisha akamwita mhudumu.

"Mama, huyu mtoto ananiangalia tangu nimeanza kula," alimwambia kwa upole. "Mletee na yeye sahani. Nitalipa mimi."

Kisha akaendelea kula, akamaliza.

Nilidhani nitalia. Hakuna kilichokuja. Nilikuwa na ganzi, kama fizi baada ya sindano ya kung'oa jino: unajigusa, unajua ni wewe, basi. Binti yangu mkubwa aliniangalia, nami nikaangalia chupa ya pilipili. Sahani ya nne ikaletwa. Nilimwambia mdogo ale, nikatoka nje kupiga simu.

Nilimwambia kaka kwamba alisema kweli. Nilikuwa nimejiandaa kusimangwa, lakini hakunisimanga. Aliuliza tu kama Tata anakula vizuri.

"Anamaliza," nikamwambia.

Kaka naye aliila theluthi hiyo miaka mingi kabla yangu. Nilisikia watoto wake wakigombana kule nyuma, kisha akasema angeanza kutafuta chumba chenye uwanja kidogo, mzee apate pa kupanda hata mgomba mmoja. Nikasema sawa. Siku hiyo ningesema sawa kwa kila kitu.

Niliporudi, mtoto alikuwa amekula karibu sahani nzima. Alinawa, akaja mbele ya babu yake, akapiga magoti kama nilivyomfundisha, akasema asante. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, simu bado mkononi. Tata alimwekea kiganja kichwani.

"Haya, mwanangu," akasema. "Sasa nenda nyumbani, mama yako asije akakutafuta."