Mtu Aliyewachagulia Watu Risasi

Gari la Noreen Tveit lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la bunduki la Brant Lacey, na Verlin Stensrud aliliona mara mbili: alipokwenda posta na aliporudi. Kutoka posta mpaka nyumbani kwake hapakuwa na haja ya kupita mtaa ule. Alipita.

Ilikuwa Jumanne ya pili ya Agosti, na kwa miaka kumi na tisa Jumanne hiyo ilikuwa yake. Kila mwaka siku hiyo Noreen alikuwa akija kibarazani kwake, akinywa kahawa, akiondoka na maboksi manne ya risasi za bastola alizozitengeneza Verlin kwa mikono yake, kwa ajili yake na vijana wake wanaoongoza wageni. Noreen huwapeleka wawindaji kwa farasi juu ya milima ya Absaroka kutafuta kulungu, na kule juu kuna dubu. Ukimpasua kulungu, dubu husikia harufu kutoka mbali, na mtu aliyeinama na kisu mkononi hana nafasi ya kukimbilia bunduki iliyobaki kwenye tandiko. Ana kile kilichomo kiunoni tu.

Mjini Birdsall kila mtu alijua Verlin ni nani. Miaka arobaini alisimama nyuma ya kaunta ya risasi katika duka la vifaa la mzee Ekstrom, enzi ambazo duka lilinuka mafuta ya mashine na kamba mpya, na mtu akiingia alikuta kiti. Hakusoma zaidi ya darasa la kumi, lakini alisoma kila kitabu cha baruti kilichomfikia, akapima, akapiga, akaandika. Mtu akimwuliza risasi ipi ya bastola ndiyo bora kuliko zote, alimwambia akae kwanza. Kisha alimwuliza maswali matatu. Unataka kumpiga nini? Nani ataishika? Itakaa wapi siku nzima?

Kwa maswali hayo aliwahi kumwuzia mwalimu Aldine, mjane mwenye vidole vyembamba, bastola ya kipimo cha thelathini na nane isiyo na teke kali, baada ya shemeji yake kumshawishi anunue kubwa ambayo ingemvunja kidole gumba. Bwana wa mifereji ya kumwagilia mashamba, aliyeshinda shambani na nyoka wenye njuga mkiani, alimpa ganda la risasi lililojazwa chembe ndogondogo, kwa kuwa nyoka hahitaji nguvu bali mtawanyiko. Waliotaka kujifunza shabaha aliwarudisha kwenye ile ndogo ya ishirini na mbili, wakinuna, na baada ya mwaka walikuja kumshukuru. Na wale waliotaka kitu cha kulala nacho chumbani aliwauliza ukuta wa chumba cha mtoto uko upande gani. Hakuna boksi linalouliza swali hilo. Siku hizi mtu ananunua risasi kwa sababu boksi limechorwa dubu aliyefungua kinywa, na dubu akiwa mkubwa zaidi bei nayo hupanda.

Ekstrom alipokufa, watoto wake waliuza duka, na sasa mahali pale wanauza vyakula vya mbwa. Halafu akaja huyu Brant kutoka Arizona, kijana wa miaka thelathini na nane, mwenye taa nyeupe kama za hospitali na rafu za kioo. Verlin alimsubiri aharibikiwe. Miaka minne alisubiri. Brant hakuharibikiwa, na jambo hilo lilimkaa Verlin kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi ya Jumatano, mkahawani, wenzake walikuwa wakimsubiri. Mtu wa kwanza kumchokoza alikuwa Gus Pommer, fundi wa matrekta, aliyemwuliza kama kahawa ya jana aliinywa peke yake. Mwingine akasema amesikia mchumba wake anaonekana sana kwa jirani siku hizi. Verlin alisema Noreen ana umri wa miaka sitini na moja na anaweza kuegesha gari lake popote. Akaagiza mayai, akayaacha nusu.

Mchana aliingia kwa Brant kununua fataki za kuwashia baruti. Hakuwa na upungufu wa fataki. Kabatini alikuwa nazo za miaka sita. Alisimama nyuma ya rafu ya mifuko ya kulalia huku Brant akimhudumia mgeni mmoja wa mjini aliyetaka bastola ya kwenda nayo mlimani. Mgeni aliuliza ipi ndiyo bora kuliko zote. Brant akavuta kiti.

"Kaa kwanza, kaka," akamwambia. "Unategemea kukutana na nini huko? Utaishika wewe au na mama watoto? Na utaibeba wapi, kiunoni au kwenye begi?"

Verlin alishika mfuko wa kulalia kama vile anataka kuununua. Yalikuwa maneno yake. Hata ule mkao, kiwiko juu ya kaunta, ulikuwa wake. Laiti Brant angekuwa mjinga, Verlin angelala vizuri. Lakini Brant alisikiliza majibu, akamwambia mgeni aachane na ile bastola kubwa ya milimita kumi aliyoisoma mahali, kwa kuwa njia anayokwenda haina dubu wakubwa, na mkono wake haujazoea. Ndivyo Verlin mwenyewe angemwambia.

Brant alipomwona alimwamkia kwa heshima. Alisema maswali yale aliyapata kwa Noreen, kwamba Noreen kila mara husema hivyo ndivyo mzee Stensrud alivyokuwa akimwuliza baba yake. Alisema kwa uso mkunjufu, kama mtu anayetoa zawadi. Verlin aliondoka bila fataki. Njiani alikuwa akijiambia kwamba mwizi wa zamani angalau alisubiri mwenye nyumba alale.

Noreen alikuja Alhamisi. Tangu abadilishiwe nyonga mwezi wa tatu alikuwa akipanda ngazi za kibaraza kwa mguu mmoja mmoja, akishika nguzo. Verlin alimtazama akipanda na hakuinuka kumsaidia, ingawa siku nyingine angeinuka.

"Mwaka huu nimechukua kwa Brant," alisema kabla ya kukaa. "Nimeona nikwambie mwenyewe, wale wa mkahawani wasije wakaniwahi."

"Wamekuwahi."

"Basi nisamehe."

"Zangu zina kasoro gani?"

"Hazina kasoro, Verlin. Sikiliza. Tangu nyonga hii—"

Hakumwacha amalize. Alisema hahitaji kuelezwa. Kama risasi za kiwandani zinatosha kwa dubu, zipigwe mbele ya watu. Jumapili baada ya ibada, kwenye shimo la kokoto, zake na za Brant, na Noreen mwenyewe ndiye apige. Zake zikishindwa, hatasema neno tena. Zikishinda, Noreen arudi kwake kwa maboksi manne kama zamani. Noreen akasema sawa, mradi asimkasirikie. Verlin akasema hajakasirika. Kahawa haikuandaliwa.

Siku mbili alikaa karakanani. Aliyeyusha madini ya risasi kwenye sufuria ya chuma, akayachanganya na bati ili yawe magumu, akayamimina kwenye kalibu moja moja. Kwa dubu hutaki kichwa cha risasi kilicho laini, kinachochanua. Kinachanua kwenye mafuta na kuishia hapo. Unataka kichwa kigumu, kizito, chenye pua bapa, kinachopita kwenye mfupa na kuendelea na safari. Hilo halina ubishi, na hakuna mtu Birdsall aliyelijua vizuri kuliko Verlin. Alichagua kichwa kizito kupita vyote alivyowahi kumpa Noreen, akakiwekea baruti mpaka mwisho wa kile vitabu vinachoruhusu. Alibana mdomo wa kila ganda ukishike kichwa chake, kama alivyobana sikuzote kwa ajili ya bastola ya gurudumu linalozungusha risasi, ya marehemu baba yake Noreen, ambayo Noreen aliibeba kiunoni miaka yote, lile pande la chuma la kipimo cha arobaini na nne ambalo lingeweza kugongea misumari. Aliijua bastola ile kuliko vidole vyake. Wakati wote akifanya kazi alimwona Brant akilini, amesimama pale shimoni na viatu vyake visafi, akitazama marundo ya magazeti ya kupimia risasi yakitobolewa.

Jumapili walikuwa wanne. Noreen, Brant, Verlin, na Tully, mwongozaji mkuu wa Noreen, mtu mrefu wa maneno mengi. Tully alikuwa amepanga marundo manne ya magazeti yaliyoloweshwa maji usiku kucha na kufungwa kamba, moja nyuma ya jingine. Alisema haya ndiyo mazishi ya heshima zaidi ambayo gazeti la kaunti limewahi kupata. Brant alicheka. Verlin alikuwa akitazama kicheko cha Noreen, kikielekea upande gani.

Noreen alivaa ala mpya ya ngozi kiunoni, kifuniko chake kimefungwa. Verlin aliiona. Akadhani ni ala tu.

Zilianza za Brant. Noreen alizijaza akiwa amewapa mgongo, akageuka, akapiga sita bila kuharakisha. Zote zilikaa katika eneo la ukubwa wa sahani. Tully alifungua marundo akasema zimepita mawili na kulala katikati ya la tatu. Si mbaya. Verlin alisema kwa sauti ya kusikika kwamba dubu naye huwa analala katikati ya la tatu, akishamaliza kumla mpigaji.

Kisha zikaja zake. Ya kwanza ililia kiasi kwamba farasi wa jirani waliinua vichwa. Noreen alirudi nyuma hatua nzima. Ya pili, hali kadhalika. Tully alikwenda kutazama akarudi akitikisa kichwa: zimepita manne yote na kuingia kwenye ukingo wa udongo. Verlin alimgeukia Brant, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne kifua chake kilikuwa chepesi.

Noreen akainua mara ya tatu, akapiga. Akavuta tena, na hakikutokea kitu. Nyundo ya bastola haikusogea. Akajaribu kwa kidole gumba. Gurudumu lilikuwa limekwama, haliendi mbele wala nyuma.

"Verlin," alisema, mtutu akiuelekeza chini. "Imegoma."

Alimfikia, akaipokea mkononi, na kabla hajatazama alijua. Bastola ilikuwa nyepesi kama kikombe cha bati. Haikuwa pande la chuma la baba yake Noreen, ingawa kwa macho ilifanana nalo. Ilikuwa mojawapo ya hizi mpya za madini mepesi, ambazo kwa wepesi wake hupiga teke kali mno. Kila teke lilikuwa limeinyakua bastola nyuma huku vichwa vizito ndani ya maganda vikibaki pale pale vilipokuwa, mpaka kimoja kikachomoka kwenye mdomo uliobanwa, kikatokeza mbele ya gurudumu na kulifunga. Kama ingekuwa mbele ya dubu, Noreen angekuwa ameshika jiwe.

"Ya baba yako iko wapi?" aliuliza.

"Ipo nyumbani, ukutani. Daktari kakataza nisibebe uzito ule kiunoni juu ya farasi."

"Hukuniambia."

"Nilianza kukwambia Alhamisi." Noreen alikuwa anajikanda kiganja. "Brant aliniuliza itakaa wapi siku nzima. Ndipo akanipa hii, na risasi za upole zinazoendana nayo."

Tully akaanza kuchunguza kokoto. Ndipo Brant akasogea, akainama juu ya bastola, na kwa sauti ya chini akasema labda ni bastola yenyewe, mara nyingine zinatoka kiwandani na kasoro, ataikagua dukani.

Alikuwa anamfichia aibu. Verlin alielewa mara moja, na hakuna tusi ambalo lingemchoma namna ile. Angeweza kunyamaza. Angetikisa kichwa tu na kusema ndiyo, hizi za kisasa, na Noreen angemwamini, na maboksi manne yangekuwa yake. Yangekwenda mlimani ndani ya bastola ile.

"Bastola ni nzima," alisema. "Zangu ndizo haziifai. Sikuuliza anabeba nini. Miaka arobaini nimeuliza kila mpumbavu aliyeingia dukani, na huyu sikumwuliza."

Akafungua boksi la vifaa, akakirudisha nyuma taratibu kile kichwa kilichotokeza, akazitoa zilizobaki, akaziweka mfukoni mwake zote. Noreen alimwambia asante. Akasema pia, kwa upole, kwamba kwa mwaka huu atachukua za Brant. Verlin akajibu kwamba hata yeye angemchagulia hizo. Lilikuwa jibu la kweli, na lilitoka kinywani kama jino.

Tully alipakia magazeti akaondoka wa kwanza. Kila mmoja akaingia kwenye gari lake. Noreen hakuwasha. Alikuwa anamsubiri mzee atangulie, kwa adabu. Brant naye alisubiri, kwa adabu hiyo hiyo. Verlin alishika usukani akatazama mbele. Akitangulia, atawaacha wawili hao nyuma yake, dirisha kwa dirisha, na watamzungumzia, tena watamzungumzia vizuri. Akajifanya anatafuta miwani.

Mwishowe Noreen akapiga honi fupi, akapungia mkono, akaondoka. Brant alimwashiria Verlin apite. Verlin akamwashiria apite yeye. Walipungiana hivyo mara tatu kama wanawake mlangoni mwa kanisa, mpaka Brant akakubali.

Kutoka shimoni mpaka mjini ni barabara moja, ya vumbi, maili saba. Verlin alitoka wa mwisho. Njia nzima aliendesha ndani ya vumbi la Brant, na mbele kabisa, kila vumbi lilipopasuka, aliliona gari la Noreen, na la Brant nyuma yake likitunza umbali ule ule, kama watu wanaorudi pamoja kutoka mahali.