Mtani Hatoi Pole

Watu wakiniuliza nimepata nini katika miji yote niliyopita, huwa naangalia begi langu kwanza. Limekuwa begi hilo hilo miaka yote, ingawa zipu imebadilishwa. Ndani mna mashati, shuka, sufuria ndogo na waya wa kuchajia simu. Shule niliiacha darasa la sita, kwa sababu reli ilikuwa karibu, na mwalimu hakupenda maswali. Baba hakuniachia shamba wala nyumba. Aliniachia kabila tu, Uzaramo, nami nililibeba kama mtu anavyobeba jina la kijiji alichohama akiwa mtoto.

Nilikuja kujua nimeachiwa nini nilipokuwa Bukene, Unyamwezini.

Nilifika huko msimu wa mpunga, nikapata kazi ya kupakia magunia. Nilipanga chumba cha uani kwa mzee mmoja Mnyamwezi aliyekuwa fundi baiskeli karibu na stesheni. Yeye na mkewe walikuwa wamebaki wawili, watoto wameshaondoka. Jioni nilikuwa namsaidia kuziba pancha, nikimuuliza habari za njia ya zamani ya misafara, wapi walipata maji, wapi walilala. Alikuwa akijibu nusu, nusu nyingine akiniambia nishike gurudumu vizuri.

Mzee aliugua ghafla, akafa kabla mavuno hayajaisha. Tulimzika. Watu wakabaki uani kwenye mikeka, kama kawaida ya msiba, na kanisa lake likaja kuimba. Lakini mkewe alikaa ndani, kaelekea ukutani, na hakula. Hakulia pia. Waliingia akina mama mmoja mmoja, wakamshika mkono, wakampa pole, wakatoka. Yeye aliitikia kwa kichwa. Binti yake, aliyetoka Nzega, alimpelekea uji, ukapoa. Akampelekea matobolwa ya karanga, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambayo mama huyo hakuwahi kuyakataa, yakarudi vilevile.

Tatizo lilikuwa kwamba mama ana kisukari. Muuguzi wa zahanati alikuja, akasema waziwazi: zile dawa hazimezwi tumbo likiwa tupu, na asipokula wala kumeza, tusishangae tukirudi makaburini. Binti alitoka nje akakaa nyuma ya jiko, akajifunika kanga usoni.

Mimi nilikuwa pembeni napasua kuni. Dada wa marehemu, mama mtu mzima aliyetoka Lusu, ambaye wote pale tulimwita shangazi, alikuja kuchukua mzigo wa kuni akanitazama.

"Wewe kijana, kwenu wapi?"

"Pwani, shangazi. Kisarawe."

"Pwani ni pana. Kabila?"

"Mzaramo."

Akaziacha kuni zianguke. "Mzaramo! Na umekaa hapo unapasua kuni kama mfiwa? Tangu kaka yangu afe tunaulizana mtani atatoka wapi, kumbe tumempangisha chumba!"

Utani niliujua kwa juujuu. Dar es Salaam watu hutaniana makabila wakicheka, basi, yamekwisha. Shangazi alinieleza tukiwa tumesimama pale pale. Babu zake walitembea kwa miguu na mizigo mabegani mpaka Pwani, wakalala kwenye nyua za babu zangu. Wapo waliougua wakafa huko.

"Unadhani nani aliwazika? Ndugu zao walikuwa huku, mwendo wa miezi. Ni watu wa kwenu waliowazika. Ndiyo maana sisi na ninyi hatukasirikiani. Mtani anaingia msibani anatukana, anacheka, anavaa nguo za marehemu, na hakuna wa kumnyanyulia mkono."

"Na wasipokuwepo watani?"

"Kulikuwa na Mgogo mmoja wa reli hapa, naye ni mtani wetu, yeye ndiye aliyetufanyia. Kastaafu, karudi kwao. Nenda kamwamshe wifi yangu."

"Nikikosea je?"

"Mtani hakosei. Kazi yako ni kukosea."

Nilinawa, nikavaa shati safi, nikabisha hodi. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, mgongo kwetu. Kando yake palikuwa na ugali na mboga ya nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Nikapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba. Mungu ampumzishe mzee."

Kichwa kikaitika, kama kilivyowaitikia wengine wote. Nyuma yangu shangazi akafyonya kwa sauti, akanivuta kwa ukosi wa shati mpaka uani.

"Pole? Nimekuita utoe pole? Pole kapewa na Bukene nzima! Kashiba pole, ndiyo maana hali! Wazaramo, nazi na ngoma tu ndizo mnazojua!"

Wanawake wa jikoni wakacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilisikia aibu. Nilikuwa nimempa mama heshima yote niliyofundishwa kumpa mfiwa, na ndicho kitu pekee ambacho mtani haruhusiwi kutoa. Kila mtu pale alikuwa na heshima ya kumpa. Ruhusa ya ukorofi nilikuwa nayo mimi peke yangu.

Koti la kaki la mzee lilikuwa bado limetundikwa kwenye msumari barazani. Nikalivaa. Lilinibana mabegani na lilinuka solusheni ya kuzibia pancha. Nikaingia bila hodi.

"Yuko wapi mtumwa wangu?" nikapaza sauti. Ndivyo watani wanavyoitana, kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake. "Ameondoka bila ruhusa yangu! Mizigo yangu nani ataibeba mpaka Pwani? Wewe mwanamke, umemficha wapi?"

Binti alikuja mbio. "Wewe kaka, una wazimu? Vua koti la baba!" Shangazi akamkamata kiuno. "Mwache. Mwache, mwanangu, ni mtani."

Mama hakugeuka. Nikakaa mbele ya ule ugali, nikakunja miguu, nikakohoa kama mzee, nikalivuta bakuli la mboga. Kisha nikasema kwa sauti yake nzito neno ambalo mpangaji yeyote wa nyumba ile alilisikia kila jioni kupitia ukutani:

"Hii mboga haina chumvi."

Nje hata sufuria hazikugongana.

"Alikuwa anaonja kwanza," mama akasema, bado anatazama ukuta.

"Hakuonja hata siku moja. Alikuwa analalamika tangu mlangoni."

"Mwongo. Umekuja juzi, unajua nini?" Akageuka. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vifungo vya koti. "Na hakukaa hivyo. Umekaa kama mtu aliyeleta posa akaambiwa asubiri."

"Basi alikaaje, mtumwa wangu?"

"Mtumwa bibi yako! Goti moja juu. Na hakushika tonge kama wewe, kama unashika kinyesi cha kuku. Tazama."

Akasogea. Akamega ugali, akaufinyanga taratibu, akabonyeza kwa dole gumba. "Hivi. Halafu anachovya hivi, hapa pembeni, siyo katikati. Halafu ndiyo anaonja." Akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Sote tulimtazama akitafuna, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kugundua kwamba anakula.

Akameza. Akakunja uso.

"Kweli haina chumvi. Nani kapika?"

"Mimi, mama," binti akasema.

"Baba yako angekurudisha Nzega leo hii."

Chumvi ikaletwa. Mama akala, si kingi, lakini alikula, huku akinirekebisha: mzee alikohoa kabla ya kukaa, siyo baada, hakuniita mimi mpangaji, aliniita "yule wa maswali". Hilo sikulijua. Binti akaleta dawa na kikombe cha maji, na mama akazimeza akiendelea kunitukana.

Mimi nilibaki pale ndani ya lile koti lililonibana, nikiwaza watu waliotembea na mizigo ambayo haikuwa yao. Pembe za ndovu na vitambaa vilikwenda kwa wenyewe. Kitu hiki, utani, kilibaki kwao, wakakigawa na babu zangu, na mimi nimezunguka nacho nchi nzima nikijihesabu mtu asiye na kitu. Hakiuzwi, na nikiwa kwetu hakinifai, kwa sababu huko wote ni Wazaramo. Kina kazi mbali na nyumbani tu, na mbali na nyumbani ndiko ninakoishi.

Mama alinawa mikono. Akalishika koti kwenye mkono, pale kiwiko kilipokuwa kimelika, akalivuta kidogo kama anayetaka kuona kama linaweza kushonwa. Ndipo akaanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, mpaka watu wa uani wakasimama.

Binti aliniangalia kwa hasira. "Unaona sasa ulichofanya?"

"Usimguse," shangazi akamwambia, akikusanya vyombo. "Mwache mama yako alie. Sasa amepata nguvu ya kulilia."