Kidonda cha Yohana

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka kuliko siku niliyooa, na wala si kwa fahari. Miaka ile ya hamsini nilikuwa dresa katika zahanati ya shamba la mkonge, upande wa Muheza. Kazi yangu ilikuwa kusafisha vidonda, kufunga bandeji na kugawa vidonge. Watu waliniita daktari, nami sikuwasahihisha.

Miongoni mwao alikuwa Yohana, mkata mkonge aliyeshuka kutoka milimani na mkewe. Umri wake ulikuwa wa baba yangu. Nikimwambia, "Shikamoo mzee," aliitikia, "Marahaba, daktari," kisha akanyoosha mguu. Alikuwa na kidonda kwenye muundi, alipochomwa na mwiba wa mkonge miaka tisa nyuma. Kilikuwa kikifunga kidogo, kinafunguka tena. Kila wiki nilikiosha, nikampa aspirini. Maumivu yalipoa, akarudi shambani, nami nikajiona fundi.

Mwezi wa tano hivi niliona kingo za kile kidonda zimenyanyuka na kuwa ngumu, na harufu imebadilika. Nilizigusa kwa vidole vyangu mwenyewe. Nikaandika kwenye daftari: kidonda cha zamani, aspirini. Ningemtuma hospitali ya Tanga, wangejua kwamba kimenishinda. Hiyo ndiyo sababu, mwanangu, sina nyingine.

Miezi miwili baadaye akaja mganga msaidizi kutoka mjini kukagua zahanati, mtu mzima, mpole wa sauti. Alimkuta Yohana kwenye benchi. Akafungua bandeji, akatazama, akapapasa kinenani akakuta mtoki, tezi imevimba. Akanivuta nje.

"Kingo zile uliziona?"

"Niliziona, bwana."

"Ukafanya nini?"

"Nilimpa dawa ya maumivu. Alikuwa akipata nafuu."

"Alikuwa akinyamaza," alisema. "Aliyekutuma umnyamazishe mgonjwa ni nani?"

Yohana alipelekwa Tanga siku ileile kwa gari la shamba. Wakamkata kinyama kidogo wakakipima: saratani. Wakauondoa mguu juu ya goti.

Nilikwenda kumwona. Mkewe alinipisha kiti. Yohana akaniuliza, "Daktari, ungenileta mapema, mguu ungebaki?"

"Mimi si daktari, mzee. Ni dresa. Na huenda ungebaki."

Yohana akamwambia mkewe amletee maji, akageukia ukutani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akisokota kamba nyumbani, na tukionana alinisalimia vizuri tu. Lakini hakuniita daktari tena.

Sababu ya kidonda kile kugeuka saratani niliijua uzeeni, nilipoelezwa na binti yangu aliyesomea udaktari. Mwili ukiumia, alisema, hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo huleta joto, uvimbe na maumivu, na husaidia jeraha lipone. Jeraha likipona hupungua. Lisipopona, zinaendelea kutengenezwa mwaka hadi mwaka, na seli zilizokwisha haribika hupata humo nguvu ya kuongezeka na kujivutia mishipa ya damu. Aspirini hupunguza kemikali hizo, ndiyo maana Yohana alipata nafuu. Lakini saratani iliyokwisha ota, kidonge changu hakikuweza kuing'oa.

Nilimuuliza, basi tumeze aspirini kila siku tujikinge? Akanikataza. Alisema inaweza kutoboa tumbo na kutoa damu, na wa kuamua ni daktari anayekujua mwili wako.

Basi nakuusia, mwanangu. Kidonda kisichofunga, au uvimbe usioondoka, usiuzoee kwa sababu hauumi sana. Nenda ukapimwe, na upimwe mapema. Nawe ukipewa kazi ya kuangalia watu, jambo likikuzidi sema limekuzidi, hata kama wamekuzoesha jina kubwa. Aibu yake ni ya siku moja.

Mwenyezi Mungu akupe afya ya mwili, akupe macho ya kuona mapema na ulimi wa kusema ulichokiona. Amina.