Jiko Nililompa Jirani

Niliolewa Kigali nikitokea Tabora, na sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuchoshwa na ukimya. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mizigo. Vita vilipoanza kaskazini na njia ya Gatuna ya kwenda Uganda ikafungwa, malori yakawa yanazungukia Rusumo, upande wa Tanzania, na safari iliyokuwa ya siku chache ikawa ya wiki kadhaa. Alikuwa anakuja na vumbi la njia nzima, anakula, analala, nguo zinafuliwa, anaondoka. Mimi nabaki mtaani Kimisagara, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyobanwa ubavuni mwa kilima, dirisha lake likitazama mabati ya watu wengine.

Kinyarwanda sikukijua. Waliojua Kiswahili mtaani walikuwepo, hasa mafundi na wachuuzi, lakini miaka ile mgeni alitazamwa mara mbili. Vitambulisho vilikuwa vinakaguliwa barabarani, na mtu akipita mlangoni kwako bila shughuli, nyumba ya tatu ilitaka kujua alifuata nini. Kwa hiyo watu walisalimiana vizuri sana, kwa heshima zote, na kila mmoja akafunga mlango wake. Nilikuwa mpweke, sina sababu ya kulizungukia neno hilo. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina mdomo mkali na kicheko kikubwa, na sikuwa na wa kumgombeza wala wa kucheka naye.

Kwenye nyumba iliyofuata, ngazi chache za udongo chini ya yangu, alikuwa anaishi mama mmoja mjane. Mtaa mzima ulimwita Mukecuru, yaani bibi kizee, nao huo ni wito wa adabu kwao, si matusi. Marehemu mumewe alikuwa mwashi huko Bukavu, ng'ambo ya ziwa, na huko ndiko mama huyo alikookota Kiswahili chake. Watoto wake walikuwa wametawanyika, wengine hata yeye hakusema wako wapi, nami sikumuuliza.

Asubuhi moja, nimeinama napuliza jiko, akasimama mlangoni na kigae cha chungu mkononi.

"Mwaramutse, mwana wanjye," alisema, akiniamkia kama mwanawe. "Minakuya kurahura."

Sasa, pale Kigali r na l ni mtu na ndugu yake, huwezi kujua leo katoka nani. Nilichosikia mimi ni "nakuja kula". Nikashtuka kidogo. Kwetu mgeni hasemi hivyo waziwazi, lakini nikajiambia labda huku ndivyo walivyo, na mwanamke wa Tabora hamfukuzi mtu aliyekuja kula. Nikamkaribisha kwenye kigoda, nikampa muhogo wa jana uliobaki, na chumvi pembeni. Akautazama muhogo. Akanitazama mimi. Kisha akaanza kutafuna polepole, kwa adabu, kigae kimelala magotini, mpaka akaumaliza.

"Ahsante," akasema. "Na moto?"

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kurahura ni kwenda kwa jirani kuomba kaa la moto ili ukawashe lako. Tulicheka hadi nikashika ukuta. Alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika, na nilipoona mabega yale nikajua nimepata mtu.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila asubuhi. Makaa yangu yalikuwa mabishi, ya bei ya chini, nusu yake vumbi, na kuyawasha ilikuwa kazi ya kupepea mpaka mkono ufe ganzi. Yeye alikaa kwenye kigoda akinisubiri. Tulizungumza. Alinifundisha kuchagua makaa sokoni kwa kuyagonga, maana kaa zuri hulia kama chuma na bovu hunyamaza. Alinifundisha kuloweka maharage tangu jioni, kufunika sufuria na kuweka jiwe juu ya kifuniko, na kuyaipua maharage yakiwa bado magumu kidogo, kisha kuyafungia ndani ya kapu lililojazwa majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu, yakamalizikie humo yenyewe bila moto. Mara ya kwanza sikuamini. Nilifungua kapu adhuhuri nikakuta maharage yameiva yanapasuka, nikamwita kwa sauti kana kwamba nimeona mwizi.

Mume wangu aliporudi akapenda alichokiona. Makaa yalikuwa yanaadimika mjini, kila mtu alilalamika, na mke wake alikuwa anajua kuyabana. Safari iliyofuata akaniletea jiko jipya kutoka kwa mafundi wa bondeni: bati nje, udongo uliochomwa ndani, kiuno chembamba, mdomo mdogo wa hewa wenye kijilango. Watu waliliita rondereza. Neno lenyewe maana yake ni tumia kwa uangalifu, usifuje. Imbabura ya zamani, lile jiko la bati tupu, ilikuwa inapasha joto miguu yangu na ukuta na paka wa jirani kabla ya kukumbuka sufuria. Hili lilitunza moto wote ndani.

Nikaingiwa na wazimu wa kubana matumizi, na siusemi kwa kujisifu. Mtu asiye na kazi wala watoto wala mazungumzo, ukimpa jambo dogo la kushinda, atalishinda mpaka likome. Vumbi la makaa nililichanganya na udongo na maji nikafinyanga madonge, nikayaanika juu ya ukuta. Pumba za randa niliziokota kwa maseremala. Maji ya kuoshea mchele yakaoshea vyombo, ya vyombo yakamwagilia mboga za dodo, yaani mchicha, nilizopanda kwenye kopo. Taa sikuwasha mpaka nilipojigonga. Na usiku, kabla ya kulala, nilifukia makaa yaliyobaki kwenye majivu, nikafunga kijilango, na asubuhi nikifukua nayakuta hai, mekundu, yananisubiri.

Moto wangu ukawa tayari kabla sijanawa uso. Mukecuru akija, kaa lipo. Nampa mlangoni, ananishukuru, anashuka ngazi zake. Kigoda kikabaki na mimi. Niliona kwamba anaondoka mapema siku hizi, nikadhani ana shughuli. Sikujua pa kupeleka saa zote zile nilizokuwa nimeziokoa.

Zikaja mvua. Ngazi za udongo zikawa utelezi, na asubuhi moja nikamwona anapanda akishika majani ya pembeni, kigae amekibana kwapani. Nikaumia. Nikasema haiwezekani mama wa watu avunjike nyonga kwa sababu ya kaa moja. Nikateremka bondeni siku hiyohiyo, nikanunua rondereza nyingine, ndogo kidogo kuliko yangu, nikaibeba kichwani kwenye mvua mpaka kwake, nimelowa, nimefurahi, najiona mtu wa maana sana.

"Hii ni yako," nikamwambia. "Ukifukia moto usiku, asubuhi utaukuta. Hutasumbuka tena kuja kwangu kuomba."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaizungusha, akagusa udongo wa ndani.

"Nimesikia, mwana wanjye," akasema. "Urakoze, ahsante."

Nikarudi nyumbani nikiimba.

Kesho yake hakuja. Nikafurahi: jiko linafanya kazi. Keshokutwa yake hakuja. Wiki ikaisha. Nilikutana naye bombani, akanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya mume wangu. Alipomaliza kujaza ndoo yake akasema, "Siku njema, Madamu."

Madamu! Neno hilo waliitwa wake za wakubwa wa Kacyiru, wenye magari na wapishi. Sijawahi kutukanwa kwa upole namna ile. Nilisimama na ndoo inafurika, maji yanamwagika miguuni, mimi niliyekuwa nahifadhi hadi maji ya mchele. Nilipofika nyumbani nikalia kwa hasira. Nikamsema peke yangu, kwa Kiswahili kizima cha Tabora: nimembebea jiko kichwani, nimelowa kwa ajili yake, na malipo ndiyo haya. Nikaapa sitamtafuta. Kiapo chenyewe kilinishinda, kwa sababu kila asubuhi nilisikiliza ngazi.

Nyanya za mtaa wetu zilikuwa zinauzwa na mwanamke mmoja karibu na bomba, mama mwenye watoto wengi na maneno machache, aliyewahi kuishi Uganda. Siku moja nikamlalamikia, nikitegemea aniunge mkono.

"Urimupa jiko, ukamwambia nini?" akaniuliza.

Nikamweleza, neno kwa neno.

Akaacha kupanga nyanya. "Basi urimunyima moto."

"Nimemnyima vipi? Nimempa jiko zima!"

"Huku kwetu, mtu ukigombana naye, ukitaka ajue, unamunyima moto. Hakuna neno mbaya kushinda hiyo. Wewe uriteremuka mpaka kwake na mvua, ukamwambia asikuye tena kurahura." Akanipimia nyanya zangu. "Angalau urisema na adabu."

Nilipanda kilima nyanya zikinilemea. Ile "nimesikia" yake ikanirudia kichwani, na safari hii niliisikia kama alivyoisema. Hakuwa ananishukuru. Alikuwa ameelewa ujumbe, na mtu mstaarabu akielewa ujumbe hatoi kelele, hukaa kwake. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona hofu. Sikuwa na mwingine. Nikimpoteza huyu, nabaki na kuta, sufuria na lori linalokuja likitaka.

Watu wakinisikia nasema niliishi Kigali miaka ile hunitazama wakingoja habari nyingine. Sina. Mwaka wa tisini na tatu mume wangu alipata kazi Kahama tukahama, na yaliyofuata niliyasikia redioni kama wengine, nimekaa sakafuni na mikono kichwani. Mukecuru sikumwona tena, wala sikupata wa kunipa habari zake. Niliuliza kwa waliovuka mpaka, niliuliza kwa madereva, mpaka mume wangu akaniomba niache. Sasa hivi napika kwa gesi. Nabonyeza, unawaka, na nyumba nzima haina aliyejua kwamba nimewasha. Lakini ile asubuhi iliyofuata siku ya nyanya ninayo bado.

Niliamka, nikafukua majivu. Makaa yalikuwa hai, mengi, mazuri, ya kupikia chai na uji na kubaki. Nikachukua kopo la maji nikayamwagia. Yalipiga kelele, majivu yakanirukia usoni, na mkono wangu uliozoea kuokota hata punje ya kaa ukasita katikati, nikaulazimisha umalize. Nikatafuta kigae. Nikashuka zile ngazi kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, maana mvua ilikuwa imenyesha.

Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi mbele ya ile rondereza ndogo, mikono imelala mapajani, hapiki chochote.

"Mwaramutse, Mukecuru," nikasema. Nikalitamka neno lile taratibu, r zake zote mahali pake. "Nimekuja kurahura."

Akanitazama uso wenye majivu. Akatazama kigae.

"Moto yako?"

"Umezimika."

"Rondereza haizimake," akasema.

"Nimeimwagia maji."

Niliposema hivyo machozi yakashuka hapohapo mbele yake, ya aibu na ya kila kitu. Hakunibembeleza. Alivuta kigoda kwa mguu akakisogeza upande wangu, nikakaa.

"Na yangu mimi nirikuwa namwangia maji," akasema baadaye, akitazama jiko. "Tangu siku ya kwanza. Moto yangu haiyazimaka hata mara moja. Nirikuwa na kiberiti, nirikuwa na makaa. Nasikia umefungua mrango, namwanga maji, nabeba kigae, napanda."

Nikamuuliza kwa nini hakuja tu kunisalimia.

"Kusalimia kunaisha ku mrango," akasema. "Na watu wanauliza uriendea nini. Mwenye kuomba moto, hakuna anamuuliza. Anaingia, anakaa, anangoja makaa yashike."

Akachukua koleo, akafunua majivu. Makaa yalikuwa mekundu tangu zamani. Akayaangalia, nami nikayaangalia, kisha akaokota upepeo wake akaanza kuyapepea polepole, nasi tukakaa tukingoja yashike.